Ulimi wa Kuazima

Watu huhurumia mguu, jicho, hata jino. Pua haihurumiwi na mtu. Mwambie mwenzako kwamba husikii harufu, atakwambia una bahati, hasa kama mnakaa karibu na jalala. Kwa hiyo Mama Mchuzi alipougua homa ile mbaya, akapona, akakuta homa imeondoka na pua yake, hakutangaza. Angemtangazia nani? Alikuwa mpishi wa pili katika hoteli ya Kihindi ya kifahari kuliko zote mjini, mahali ambapo wahudumu huvaa vizibao vyeusi na mgeni huvutiwa kiti kabla hajafikiria kukaa. Michuzi yote ya pale ilipita mikononi mwake, ndiyo maana wakamwita hivyo. Mpishi asiyesikia harufu hana kazi, hata mikono yake iwe ya dhahabu.

Na ladha nayo ilikwenda na pua, maana hao wawili ni mapacha. Pilipili aliijua kwa moto wake tu. Chumvi haikuwapo. Wali ulikuwa karatasi, nyama ilikuwa karatasi iliyolowa. Alijifungia bafuni akanusa sabuni, akanusa siki, akanusa karafuu alizozisaga mwenyewe mpaka akapiga chafya. Wapi. Akalia humo humo, bomba likiwa wazi ili asisikike.

Waliojua ni wawili. Wa kwanza mumewe, fundi wa majokofu, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akigongwa kidole na nyundo. Wa pili ni dada wa huyo mume, wifi yake.

Huyu wifi lazima nimweleze vizuri, maana ndiye mwenyewe. Alikuja kwao na begi moja baada ya ndoa yake kuvunjika, akasema atakaa wiki. Wiki za wageni mnazijua. Mama Mchuzi hakununa. Alimpa chumba, akampa nguo, akamtafutia kazi hotelini: kwanza kuosha vyombo, halafu kumenya vitunguu, na mwisho akamfundisha kupanga chakula kwenye sahani, akamsimamisha karibu naye kwenye meza ya kutolea, pale kila sahani inapotua kidogo kabla mhudumu hajaibeba. Jikoni nzima walimwita Wifi. Mchoma mikate, ambaye hakuwa na undugu wowote na familia ile, naye alimwita Wifi, na kila siku alimtania kwamba mawifi ndio polisi wa ndoa za watu. Wifi alimjibu kwamba polisi hulipwa mshahara, yeye anajitolea. Wakicheka, Mama Mchuzi naye alicheka. Alimpenda yule msichana kama aliyezaliwa naye tumbo moja.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo yenyewe huenda umeinunua wewe, ukaifua na kuipiga pasi.

Ni Wifi aliyevumbua ile njia ya kijiko. "Wewe pika kama ulivyozoea," alimwambia. "Mkono unakumbuka. Mimi nitakuonjea." Basi kila chungu kikiiva, Wifi alichovya kijiko, akaonja, kisha akakilaza kando ya chungu. Kijiko kikilala chali, mchuzi uko sawa. Kikilala kifudifudi, kuna kasoro, na hapo Mama Mchuzi alipita karibu kama anayetafuta kitambaa, na Wifi akamnong'oneza: chumvi, au ndimu, au mtindi umezidi. Jikoni vijiko ni vingi, nani atahesabu cha nani kimelala vipi? Hata Ustadi, mpishi mkuu mwenyewe, mzee wa Kihindi mwenye magoti mabovu aliyekuwa akiongoza jikoni kutoka kwenye kigoda kando ya tanuri la udongo, hakuona kitu.

Mambo yakaenda. Wageni walikula, walipangusa midomo, walirudi tena na shemeji zao. Jioni Mama Mchuzi alipofika nyumbani alimwambia mumewe, "Ule ulimi wa dada yako, Mungu auweke." Mumewe akasema, "Si nilikwambia, damu ni damu." Naye akaona kweli, damu ni damu. Kwamba hiyo damu haikuwa yake hakukumbuka.

Kisha Ustadi akatangaza kwamba magoti yamemshinda, anarudi kwao kupumzika.

Mwenye hoteli, mama wa Kihindi mwenye nywele nyeupe aliyeitwa Bibi na kila mtu kuanzia mlinzi hadi mhasibu, alimwita Mama Mchuzi akamwambia bila kuzunguka: "Kofia ndefu ni yako, ukiipita meza." Mama Mchuzi aliitikia kwa adabu, akatoka, akaenda kusimama peke yake kwenye ghala la viungo. Alikuwa ameingia hoteli ile kumenya kitunguu saumu, kucha zikimuwasha usiku kucha. Ameungua mikono, amejikata vidole, amesimama mpaka miguu ikavimba. Kofia ile hakuiota kwa sababu ya fahari tu. Aliitaka kwa sababu jikoni mle ndimo mahali pekee duniani ambapo akisema neno, watu wazima walinyamaza wakasikiliza.

Ila kulikuwa na hiyo meza. Katika hoteli ile mpishi mkuu hapimwi kwa kupika. Ustadi alikuwa na msemo wake, kwamba wa kupika wapo wengi, mkuu kazi yake ni kurudisha. Kwa hiyo anayetaka kofia huketishwa ukumbini, kwenye meza ya wageni, akiwa na nguo safi. Sahani zinatoka jikoni moja baada ya nyingine. Nyingine nzima, nyingine mpishi anayeondoka ameziharibu kwa makusudi na kwa ujanja. Unaonja, unasema "itoke" au "irudi." Ukitoa mbovu au ukirudisha nzima, shukrani, rudi kwenye vyungu vyako.

"Sasa itakuwaje?" Mama Mchuzi aliuliza nyumbani jioni ile, mikono kichwani.

"Itakuwaje nini?" Wifi alijibu, akimimina chai. "Mbeba sahani nani? Si mimi? Nitaonja kila moja kabla ya kuileta, na sahani huja na kijiko. Kikiwa chali, itoke. Kikiwa kifudifudi, irudi. Wewe tia mdomoni, tafuna kidogo, kunja uso kama mtu mwenye akili."

Wakacheka wote watatu. Mumewe akamgusa bega. "Umesikia? Wewe mwangalie dada tu. Usijisumbue na kitu kingine."

Tangu siku zile sahani zikaanza kurudi. Si nyingi. Leo mgeni mmoja amesema dengu ina chumvi, kesho mwingine ameacha mchuzi wa kondoo nusu. Mama Mchuzi alimtazama Wifi, Wifi akapandisha mabega: wageni nao wana maringo. Kijiko kilikuwa chali, alikiona kwa macho yake. Akajilaumu mwenyewe. Mkono umeanza kusahau, alijiambia. Ustadi alimwita kando akamwambia ana haraka siku hizi, naye akaomba radhi kwa kosa asilolijua.

Halafu asubuhi moja aliamka akasikia harufu ya soksi.

Nasema soksi, na siwezi kuipamba. Zilikuwa za mumewe, amezivua jana yake akazitupa chini ya kitanda, na mwenyewe alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Harufu ilimpanda Mama Mchuzi puani kavu kavu. Aliketi kitandani akafikiri anaota. Akainama, akazichukua, akazinusa moja moja, machozi yakimtoka. Nadhani tangu dunia iumbwe hakuna soksi zilizowahi kupendwa vile. Akakimbilia jikoni akanusa majani ya chai, akanusa mafuta ya taa, akalamba chumvi kiganjani. Ilikuwa chumvi, chumvi kabisa, kali na ya kweli.

Hakumpigia simu mumewe. Alitaka Wifi awe wa kwanza, na alitaka kumwona uso. Akaupanga utani wake njiani: Wifi ataonja, na kabla hajalaza kijiko, yeye atasema, "Binti, ndimu imepungua," kisha amwache ahangaike na akili yake.

Mlango wa jikoni ulipofunguka ilibidi asimame. Bizari nyembamba ilikuwa ikipasuka kwenye samli ya moto, iliki ilikuwa ikipondwa, mikate ilikuwa ikifura kwenye kuta za tanuri, na vyote vikamjia kwa pamoja, kama ndugu waliotoka safari. Akajikausha. Akaenda kwenye jokofu, akatoa mchuzi wa kuku wa siagi aliouandaa jana, ule ambao Wifi aliuonja jana hiyo hiyo na kulaza kijiko chali. Akaupasha. Mvuke wa kwanza ulipompata, akajua kuna kasoro. Akaonja. Mchungu. Uwatu uliungua jana kwenye mafuta naye hakusikia, na uchungu wake ukatanda kwenye chungu kizima.

Wifi huyo akaja, kitambaa kichwani, akiimba chini chini. Akachovya. Akaonja. Akalaza kijiko chali.

Mama Mchuzi akausahau utani wake.

Kwanza alimtetea. Ni kawaida ya mtu anayependa, hutafuta udhuru hata kwenye kifusi. Labda pua yangu haijapona vizuri, alisema moyoni. Akamfuata mchoma mikate, akamwambia achovye kipande cha mkate aseme. Mchoma mikate alitafuna mara moja, akakunja uso. "Kuna kitu kimeungua humu, Mama." Mama Mchuzi akamwaga chungu chote, akaanza upya, akawaambia watu kwamba maziwa yaliganda.

Kesho yake akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ashike mwiko. Alipika dengu kwenye kisufuria kidogo, akaitia konzi ya chumvi, kiasi cha kuhifadhia samaki, na kukiweka mbele ya Wifi. "Nionjee, wifi yangu. Ya leo naiogopa."

Wifi akaonja. Koo lilipanda likashuka. Machozi yakamlengalenga, akayafuta na mkono wa gauni kama aliyeingiwa na moshi. Kijiko kikalala chali.

"Tamu, wifi," alisema. "Mkono wako huo haujapotea."

Iliuma. Sitatafuta neno jingine. Iliuma kuliko kama angetukanwa mbele ya wageni, kwa sababu tusi lina mwisho wake, lakini hili lilirudi nyuma likagusa kila siku iliyopita. Kila sahani iliyorudi. Kila radhi aliyoiomba. Chai zote walizokunywa pamoja jioni, wamekunja miguu kwenye kochi moja. Alikibeba kile kisufuria hadi kwenye sinki, akafungua maji, akasimama pale akitazama dengu zikizunguka kwenye tundu. Sasa alielewa meza itakuwaje. Sahani mbovu zitakuja na kijiko chali, nzima zitakuja kifudifudi, naye ataaibika mbele ya Bibi kwa mdomo wake mwenyewe.

Jioni mumewe alimuuliza, "Kijiko kinakwenda vizuri?"

"Kinakwenda," alisema.

Alitamani kumwambia. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini akamtazama alivyochoka, grisi kwenye kucha, akiwa amemkatia tunda na kumsogezea sahani, na akaona si haki kumgombanisha mtu na dada yake. Haya ni ya wanawake wawili, alijiambia, yataishia jikoni. Na ndani kabisa, mahali ambapo mtu hata mwenyewe hapafiki kila siku, alikuwa bado anatumaini kwamba Wifi atajirudi. Kwamba siku ya meza, akiwa amebeba sahani ya kwanza mbovu, mkono utakataa.

Siku ikafika. Wageni wa mchana walikuwa wameshaondoka, wahudumu wamebadilisha vitambaa vya meza, na taa za shaba zimewashwa ingawa jua lilikuwa bado nje. Mama Mchuzi aliketi kwenye kiti ambacho kwa miaka yote alikuwa akikiona kwa tundu la mlango. Bibi alikaa mbele yake, mikono juu ya fimbo. Ustadi alikaa pembeni amenyoosha magoti, anatabasamu kama mtu aliyefurahia dhambi zake jikoni asubuhi nzima.

Wifi akatoka na sahani ya kwanza. Jibini kwenye mchuzi wa mchicha. Kijiko chali.

Mama Mchuzi akaonja. Ilikuwa nzima, laini, tangawizi kwa mbali. "Itoke," alisema, na moyo wake ukapanda kidogo. Huenda nimemdhania, aliwaza. Mungu, huenda nimemdhania.

Sahani ya pili ilikuwa dengu nyeusi. Kijiko chali. Wifi alikiweka kwa upole, akakinyoosha kwa kidole ili kionekane vizuri, kisha akamtazama wifi yake machoni na kumpa lile tabasamu la chai ya jioni. Mama Mchuzi akatia mdomoni. Sukari. Ustadi alikuwa ametia sukari kiasi cha kumdanganya mtu mwenye haraka, ikakaa nyuma ya ulimi kama mgeni asiyetaka kuaga.

Alimeza.

"Irudi," alisema. "Imetiwa sukari."

Ustadi akapiga goti lake bovu kwa furaha, akajuta. Wifi aliganda na sinia mkononi. Ile damu iliyokuwa usoni mwake ilishuka yote. Akaenda, akarudi. Sahani ya tatu, kuku wa tanuri, kijiko chali tena. Pengine alifikiri lile "irudi" la kwanza lilikuwa bahati. Nyama ilikuwa imelowekwa kwenye mtindi uliochacha kupita kiasi. "Irudi," alisema Mama Mchuzi. Sahani ya nne ilikuja na kijiko kimelala ubavu, si chali wala si kifudifudi. Mchuzi wa korosho na zafarani. Mzima, na mzuri ajabu. Ustadi alikuwa ameupika kwa kuaga.

"Itoke," alisema. Sauti ilimkatika, na wale wazee wawili wakadhani ni kwa sababu ya furaha.

Bibi akaisogeza sahani pembeni. Kisha akasema, "Niliambiwa pua yako imekufa."

Mama Mchuzi akatazama kitambaa cha meza.

"Nilikasirika. Nikasema, mwanamke huyu anawalisha wageni wangu gizani. Ningekufukuza siku ile ile. Lakini huyo aliyeniambia aliniomba nisubiri hadi siku ya meza, ili kila mtu aone. Nikajiuliza, ni mtu gani huyu anayetaka kila mtu aone?" Bibi akainua fimbo, akaielekeza, bila hasira, mahali Wifi aliposimama na sinia tupu. "Aliniambia pia kwamba yeye anaonja vizuri."

"Ilikufa kweli, Bibi," alisema Mama Mchuzi. "Imerudi juzi juzi. Nilikosea kukuficha."

"Ulikosea. Ikifa tena, uje uniambie mimi. Usiwaambie wa nyumbani kwako." Akainuka, Ustadi akimshika mkono, au wakishikana, haikujulikana nani anamsaidia nani. "Jikoni ni kwako. Na waliomo ni wako, ukipenda wakae, usipopenda waondoke."

Alimkuta Wifi kwenye ghala la viungo, kati ya magunia, akifungua kamba ya aproni. Mama Mchuzi alikuwa ameandaa maneno mengi, makali, ya kumchoma mtu mpaka kwenye mfupa. Yote yalimpotea. Likabaki moja.

"Kwa nini?"

Wifi hakulia. Ingekuwa heri angelia. "Wewe ulikuwa huonji, wifi. Miezi yote ile nani alikuwa akionja? Sifa wakakupa wewe. Kofia wakakuahidi wewe. Mimi ni ulimi tu, nimewekwa pale kama kijiko. Ukishapita, nani angekumbuka aliyekuvusha?"

"Ungeniambia. Ningekupa nafasi yangu ya mpishi wa pili. Ningemwambia Bibi."

"Ungemwambia?" Wifi aliuliza, akamtazama sana. Mama Mchuzi akafungua mdomo, na ukweli ni kwamba hakujua. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yeye alikuwa ametembea nayo mjini miezi mizima akidhani amevaa.

"Lakini wewe ulinipikia aibu," alisema mwishowe. "Uliionja chumvi ile ikakutoa machozi, ukaniambia tamu. Ukaenda nyumbani ukala chakula changu."

Wifi akaikunja aproni, akaiweka juu ya gunia la mchele. Usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Mama Mchuzi hakukielewa. Alitegemea chuki, akaona kama huruma. "Nenda nyumbani, wifi," alisema. "Mimi leo sirudi pale." Akatokea mlango wa nyuma, wa kutolea taka.

Mama Mchuzi alitembea kwa miguu hadi kwao, kofia ndefu ikiwa ndani ya mfuko wa karatasi. Jua lilikuwa linazama. Alitakiwa kufurahi, na kwa kweli vipande vya furaha vilikuwapo, vilimjia akivuka barabara, akipita duka la vitambaa, kisha vikazimika. Alipofika chini ya jengo lao alikuwa ameshaamua. Mumewe hataambiwa. Atamwambia kwamba Wifi amepata kazi kwingine, au ameamua kujitegemea, kitu chochote. Dada ni mmoja. Amwachie dada yake akiwa mzima. Hilo anaweza kumpa.

Kwenye ngazi, kabla ya ghorofa yao, harufu ikamfikia. Samli. Kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa cha kahawia. Iliki, mdalasini, kuku mzima ndani ya oveni. Siku ya kazi, jioni ya kawaida, na kwao kunanukia kama harusi. Akasimama, mkono kwenye chuma cha ngazi, na kwa mara ya kwanza siku ile akalia vizuri. Mtu huyu amempikia. Fundi wa majokofu asiyejua kuchemsha yai lazima amemwita mama yake, wamempikia, kwa sababu alijua leo ndiyo siku, na aliamini kwamba mkewe atashinda. Akafuta uso kwa kitambaa, akapanda ngazi zilizobaki mbio.

Mumewe alifungua mlango kabla hajabisha. Amevaa shati jeupe la kutokea. Nyuma yake meza imetandikwa, mama mkwe ameketi kichwani pa meza amejitanda, na sahani zimepangwa pamoja na glasi zile za wageni.

"Pole, mke wangu," alisema, akamkumbatia. "Pole sana."

Mama Mchuzi alitaka kucheka. "Pole ya nini?"

"Usijikaze. Tulijua utaumia, ndiyo maana mama akasema tusikae hivi hivi, tupike." Alimpokea mkoba begani, akauning'iniza. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku, ya upole. "Kazi haijapotea, iko humu humu ndani, kwa dada. Mshahara ni ule ule. Wewe utapumzika sasa, umechoka miaka mingi."

"Njoo ukae, mwanangu," alisema mama mkwe. "Mwanamke akitulia nyumbani hata mwili unashukuru. Huenda na mtoto akapatikana."

Mumewe alikuwa akichungulia ngazini, juu ya bega lake. "Dada yuko wapi? Hamkuja pamoja?"

Mama Mchuzi alibaki amesimama mlangoni. Alimtazama mumewe, akaitazama meza. Kochi lilikuwa limesogezwa ukutani ili watu waenee. Akakumbuka mkono ule begani na neno lile, wewe mwangalie dada tu. Akautoa ule mfuko wa karatasi kwapani, akasogea, akaiweka kofia juu ya kitambaa cha meza, katikati ya sahani.

"Wamenipa mimi," alisema.

Hakuna aliyesema hongera. Mama mkwe aliitazama kofia kama kitu kilichoingizwa na paka. Mumewe alitabasamu, tabasamu likamshinda. "Lakini wewe huonji."

"Naonja. Pua imerudi."

"Tangu lini?"

"Siku kadhaa."

"Siku kadhaa," alirudia. Alivuta kiti akakaa taratibu, na alipouinua uso, macho yake yalikuwa na maumivu ya kweli, ya mtu aliyeibiwa ndani ya nyumba yake. "Siku kadhaa unalala ubavuni mwangu, na hukuniambia? Mimi mumeo?"

Mama Mchuzi akarudi nyuma. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, viatu bado miguuni. Huko jikoni yule kuku alianza kuungua, ngozi kwanza, kisha mafuta yaliyodondokea kwenye trei. Wao walikuwa bado hawajasikia. Yeye alisikia harufu tangu mwanzo, na hakuwaambia.